Sarafu na noti za zamani: za kupenda au za kuuza?

Barua nyingi za safari hii zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti: sarafu na noti zilizobaki kwenye makopo na masanduku ya nyumbani zina thamani gani, na anayeanza kukusanya leo atafute faida au atafute raha yake? Tumechagua sita. Msimamo wetu tunausema mapema. Nunua unachokipenda, kwa pesa ambayo ikipotea yote hutalala na njaa, kisha ukisome kitu hicho mpaka ukijue kuliko anayekuuzia. Faida kwenye sarafu humwendea anayejua, na hakuna anayevumilia kujua haya yote kama hayapendi.

Kopo la babu

*Wahariri, shikamooni. Marehemu babu alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, akatuachia kopo la sarafu. Zipo peni zenye tundu za mwaka 1936 zilizoandikwa EDWARDVS VIII, hela za Mjerumani na shilingi za simba. Mpwa wangu amesoma mtandaoni kwamba sarafu ya Edward VIII ni ya mamilioni. Nusu ya sarafu tumeshaziosha kwa ndimu na majivu ili zing'ae. Tuziuze au tuziweke? — Msomaji, Tanga*

Marahaba. Acheni kuosha leo hii, hata moja zaidi. Ndimu ni asidi: inakula ile ngozi ya rangi iliyojijenga juu ya shaba kwa miaka mingi. Majivu nayo yanaacha michirizi midogo ambayo mnunuzi huiona mara tu anapoigeuza sarafu chini ya taa. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza nusu ya bei yake au zaidi, na hakuna dawa ya kuirudisha. Zile mlizokwisha kuziosha, zisuuzeni kwa maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta (yale maji matupu, si asidi ya betri), zigusisheni kitambaa laini bila kusugua, ziacheni zikauke. Shaba itarudi kuwa nyeusi polepole, lakini michirizi itabaki.

Sasa hizo peni. Edward VIII alitawala kuanzia Januari hadi Desemba 1936 akaachia kiti kabla sarafu zenye sura yake hazijaingia kwenye matumizi Uingereza. Vile vipande vichache vya majaribio vyenye sura yake ndivyo vinavyouzwa kwa mamilioni, na ndivyo mpwa wako alivyosoma habari zake. Za Afrika Mashariki ni jambo jingine. Senti 10 na senti 5, ndizo hizo peni zenu, zilikuwa na tundu katikati, hazikuhitaji sura ya mfalme, jina lake tu lilitosha. Kwa hiyo zilipigwa kwa mamilioni na zikatumika huku kwetu kila siku. Iliyochakaa bei yake haizidi sana bei ya soda.

Lakini kwa mtu wa kufurahia, hapo pana mkusanyo mzuri wa gharama ndogo. Chukueni lenzi ya sonara inayokuza mara kumi mtafute herufi ndogo. Yenye H ilipigwa na kiwanda cha Heaton, Birmingham. Yenye KN na King's Norton, palepale Birmingham. Isiyo na herufi ilitoka London. Senti 10 kwa aina tatu na senti 5 kwa aina mbili (H na KN), ni sarafu tano za mfalme aliyetawala chini ya mwaka mmoja. Tena mwaka huohuo wa 1936 zipo na zenye jina la GEORGIVS V, aliyefariki Januari. Ziwekeni pamoja.

Shilingi za simba zitengeni kwa mwaka. Za 1921 hadi 1946 ni fedha kwa robo: uzito gramu 7.78, ndani yake fedha halisi gramu 1.94. Za kuanzia 1948 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, hazina fedha kabisa. Shilingi mia moja za kundi la kwanza zina gramu 194 za fedha kwenye karatasi. Sonara atatoa pungufu, kwa sababu sarafu zimelika kwa matumizi na yeye ana robo tatu ya shaba na metali nyingine ya kuondoa kabla hajaifikia fedha. Msizipeleke kuyeyushwa kabla ya kutazama hali yake: shilingi ambayo manyoya ya simba bado yanaonekana unyoya kwa unyoya inafaa zaidi mkononi mwa mkusanyaji kuliko kwenye moto.

Hela moja za Mjerumani (1904 hadi 1913) ni nyingi. Angalieni kama ipo hela 5 ya shaba ya 1908 au 1909, pande la sarafu lenye upana wa milimita 37 hivi. Hiyo inatafutwa, na ikiwa haijaoshwa, muulizeni zaidi ya mnunuzi mmoja.

Ushauri wetu: uzeni zilizojirudia, bakini na moja iliyo bora ya kila aina, na mwandike kwenye karatasi babu alifanya kazi wapi na miaka gani. Karatasi hiyo haitaongeza hata shilingi kwenye bei ya peni. Itawafaa wajukuu.

Unga wa kijani

*Asalaam aleikum. Nina pesa za shaba za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, za mwaka 1299 wa Hijria, zenye picha ya mizani. Baadhi zimeota unga wa kijani. Nyingine nilizitia kwenye albamu ya plastiki, sasa zina utando wa kijani unaonata. Ni kutu ileile? Nitazinusuru vipi? — Msomaji, Mombasa*

Waaleikum salaam. Si ileile, na dawa zake ni mbili tofauti. Hapa tutakaa kidogo, maana pwani yote ina tatizo hili.

Utando unaonata umetoka kwenye albamu. Plastiki ya PVC huwekewa mafuta ya kuilainisha, na joto linapozidi hutoka, yanaambatana na asidi, yanashika sarafu. Ukiifungua albamu ikanuka kama pazia jipya la bafuni, ni PVC, itupe. Sarafu itumbukize kwenye gilasi ya kioo yenye asetoni safi kwa dakika 10, igeuze, mwaga, tia asetoni mpya, rudia. Asetoni haili shaba wala fedha, inayeyusha mafuta tu. Fungua madirisha, usiwashe jiko wala sigara karibu. Kiondoa rangi ya kucha hakifai, kina manukato na mafuta yanayobaki juu ya sarafu.

Unga mkavu wa kijani kibichi cheupe, unaopukutika ukiugusa kwa kijiti cha meno, ndio ugonjwa wenyewe. Ni chumvi ya bahari au ya jasho la vidole imeingia ndani ya shaba. Kila hewa inapokuwa na unyevu, ile kloridi iliyomo kwenye chumvi inatengeneza asidi, asidi inakula shaba, kloridi inabaki huru, inaanza upya. Ndiyo maana ukiufuta leo, mwezi ujao umerudi mahali palepale. Itenge sarafu hiyo na zenzake. Toa unga kwa kijiti cha mbao, usitumie sindano wala waya. Iloweke kwenye maji ya betri, kiasi cha mililita 200 kwa sarafu moja, na ubadilishe maji kila wiki kwa wiki sita mpaka nane. Mwisho itie asetoni ili kuondoa maji yaliyojificha, iache ikauke, kisha uiweke peke yake kwenye kopo kavu kwa wiki mbili. Unga ukirudi, anza tena. Zipo ambazo hazitapona, na hizo zisikae kamwe na nzima.

Kukinga ni rahisi kuliko kutibu. Tafuta boksi la chakula la lita 5 lenye mpira kwenye mfuniko, weka ndani gramu 100 za silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) zenye rangi ya chungwa, na kipima unyevu kidogo. Lengo ni unyevu usiozidi asilimia 40. Hewa ya Mombasa mara nyingi iko juu ya 70. Rangi ya chungwa ikigeuka, zioke silika kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili, zirudishe. Sarafu zikae kwenye vikadi vyenye dirisha la poliesta (plastiki angavu isiyo PVC), na pwani chagua vya kujibandika badala ya kupigwa pini, kwa sababu pini zitashika kutu kabla ya sarafu. Mpira wa kufungia pesa, gazeti na sanduku la mbao mbichi vyote hutoa mvuke unaoidhuru metali. Shika sarafu kwa ukingo, vidole viwili, juu ya kitambaa ili ikianguka isiumie.

Pesa za 1299 si adimu sana, kwa hiyo usitarajie utajiri hapo. Nzuri, yenye rangi ya chokoleti na mizani iliyokamilika, ni furaha kuiangalia.

Riali za bibi

*Bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, ameniachia riali tatu za fedha za mwaka 1780 zenye picha ya mwanamke. Mbili zina kipete cha kuvalia mkufu. Kama zina miaka zaidi ya 240, je, nizipeleke mnadani? — Msomaji, Maskati*

Mwaka huo, dada yetu, hauelezi umri. Maria Theresa wa Austria alifariki Novemba 1780, na kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni na pwani yetu walizoea sura ile na hawakuitaka nyingine, sarafu iliendelea kupigwa na mwaka uleule, Vienna, na baadaye London, Roma, Bombay na kwingineko. Hata leo Vienna wanazitoa. Riali ya bibi inaweza kuwa ya karne ya 19 au ya miaka ya 1950.

Za kweli zina gramu 28.07, upana wa milimita 39.5 hadi 41, na ukingoni maandishi yaliyoinuka ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA. Fedha ni sehemu 833 kwa 1000, yaani gramu 23.39 za fedha halisi. Ukiwa na mizani inayopima mpaka 0.01, ihakikishe kwa maji: weka gilasi ya maji juu ya mizani, irudishe mizani kwenye sifuri, ifunge sarafu kwa uzi mwembamba uitumbukize izame yote bila kugusa kioo. Namba inayotokea ni ujazo wake. Kwa riali halisi itakuwa karibu na 2.75, na 28.07 ukiigawa kwa hiyo unapata 10.2. Ukipata chini ya 9, hiyo si fedha ya kiwango chake. Jaribio hili lifanye kwa ile isiyo na kipete, maana kipete na risasi yake ya kuungia huharibu hesabu.

Mnadani usihangaike. Bei ya riali ya kawaida hutembea na bei ya fedha, na zenye kipete mkusanyaji wa sarafu hazitaki. Usimpe sonara avibandue, moto utaacha kovu. Mapambo ya bibi yavaliwe, hiyo ndiyo thamani yake kubwa, nasi tusingeuza.

Akiba ya uzeeni

*Kila mwezi naweka KSh 5,000 kununua noti za zamani kama akiba ya uzeeni. Nimezilamineti zote zisichakae. Pia nilihifadhi elfu-elfu za zamani ishirini. Niko njia sawa? — Msomaji, Nairobi*

Hapana, na ni afadhali usikie sasa.

Kulamineti ni kuiua noti. Gundi ile huyeyuka kwa joto na kuingia kwenye nyuzi za karatasi, huwezi kuitoa bila kuirarua. Mnunuzi anahesabu noti iliyolaminetiwa kuwa imeharibika, hata kama ilitoka benki ikiwa mpya. Noti hukaa kwenye mfuko wa poliesta ulio wazi upande mmoja, ikiwa imelala, gizani. Haipigwi pasi, haibandikwi selotepu, haioshwi. Mkunjo mmoja wa katikati tu unaishusha daraja, na kwa noti ya kawaida tofauti ya bei kati ya isiyokunjwa na iliyotumika ni mara kadhaa.

Zile elfu-elfu ishirini zilikoma kuwa pesa halali tarehe 1 Oktoba 2019. Ulichonacho si KSh 20,000 tena, ni karatasi ambazo watu wengi mno walibaki nazo. Tanzania nako, Benki Kuu ilitoa muda wa 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 wa kubadilisha noti za kati ya 1985 na 2003. Anayeweka noti akidhani thamani yake ya usoni ndiyo kinga yake asikilize matangazo haya.

Sasa hesabu. Ukinunua noti dukani kwa KSh 10,000, ukamrudishia muuzaji kesho, huenda akakupa 6,000. Hajakuonea, ana kodi ya pango na huenda akakaa nayo miaka miwili. Ili upate tu 10,000 zako kwa kiwango hicho, bei ya soko lazima ipande kwa asilimia 67. Ongeza mfumuko wa bei wa, tuseme, asilimia 6 kwa mwaka: baada ya miaka 10 bei lazima iwe karibu mara tatu ya uliyonunulia ndipo utoke bila hasara. Noti chache sana hufanya hivyo, na anayezijua mapema ni yule aliyekaa miaka akizitazama.

Akiba ya uzeeni ipeleke kwenye sacco au hati fungani. Tenga KSh 500 za mwezi kwa ajili ya noti, ukae miezi sita bila kununua, kisha ununue moja safi badala ya kumi zilizochoka. Ukitaka pa kuanzia, noti za bodi ya sarafu ya Afrika Mashariki za 1964, zenye jahazi na zisizo na picha ya malkia, ni nzuri mno kuziangalia, na ya shilingi 5 bado inapatikana ikiwa na hali ya kuridhisha. Usipeleke noti nje ya nchi kupimwa daraja na kufungwa kwenye kasha isipokuwa bei yake ni walau mara tano ya gharama zote za safari hiyo. Hicho ni kipimo chetu, na kimetufaa.

Vifurushi vya zaire

*Nina furushi la noti za zaire, hata za milioni tano. Kuna faida? — Msomaji, Bukavu*

Noti ya zaire 5,000,000 ya 1992 ilikufa mwaka uliofuata, wakati zaire milioni tatu za zamani zilipogeuzwa zaire mpya moja. Watu wengi walibaki na mafurushi kama lako, kwa hiyo bei ni ndogo na sidhani kama itapanda karibuni. Lakini zipange kwa mfuatano, kutoka zaire moja mpaka milioni tano, kila noti na mwaka wake. Mkusanyo huo unaonyesha mfumuko wa bei kuliko kitabu chochote, na gharama yake ni kikapu kimoja cha sokoni. Chagua zisizokunjwa, zinazobaki badilishana na wenzako.

Rupia inayovuta mchele

*Dalali anatafuta rupia ya Mjerumani "yenye nguvu", inayovuta mchele, anasema mzungu atatoa mabilioni. Anataka kwanza laki tatu za vipimo. Pia ana sarafu ya dhahabu ya Tabora iliyochimbwa. Ninunue? — Msomaji, Dodoma*

Usitoe hata senti. Rupia ya Mjerumani, ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki (1890 hadi 1902, yenye simba na mnazi) na ya serikali (1904 hadi 1914), ni fedha ya sehemu 917 kwa 1000, gramu 11.66. Fedha haivuti mchele, haivuti hata sumaku. Rupia ikinasa kwenye sumaku, ndani ni chuma. Zilizotumika huuzwa juu kidogo ya bei ya gramu zake 10.69 za fedha. Adimu kweli ni rupia 2 za 1893 na 1894, na uadimu wake hautokani na nguvu yoyote. Na anayedai "pesa ya vipimo" hana mnunuzi, ana shabaha moja tu, hizo laki tatu.

Dhahabu ya Tabora ipo. Ni rupia 15 ya 1916, yenye tembo upande mmoja na tai upande wa pili, iliyopigwa kwenye karakana ya reli wakati wa vita. Zilitoka 16,198 tu, kwa hiyo ni ghali, na kwa sababu ni ghali imeigizwa kupita kiasi. Ya kweli ina gramu 7.17 hivi, dhahabu sehemu 750 kwa 1000. Kwa jaribio la maji tulilolieleza kwa dada wa Maskati, itaonyesha 0.45 mpaka 0.48. Ya shaba ya njano yenye uzito huohuo itaonyesha karibu 0.84. Kufaulu jaribio hili hakutoshi, kwa kuwa wapo wanaoiga kwa dhahabu halisi. Kukosa kunatosha kuondoka.

Mwisho, neno "iliyochimbwa". Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ya Tanzania Bara inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, ambamo vimo vile visarafu vya shaba vya masultani wa Kilwa, na inakataza kuchimba kutafuta malikale bila leseni. Kenya, kwa sheria yake ya 2006, mpaka ni mwaka 1895, na Zanzibar ina sheria yake yenyewe. Rupia ya 1916 haimo kwenye umri huo, lakini shimo alilochimba dalali kwenye eneo la kale linaweza kukuletea kesi pamoja naye. Kabla ya kununua, dai hati yenye jina la muuzaji, namba ya kitambulisho chake na mahali alipoipata. Asipokubali kuandika, mazungumzo yamekwisha.